Mwaka wa Helmeti Nyeupe

Tangu tumzike Anti Syokau mwezi uliopita, jamaa zangu hawajaacha kuniuliza ni nini kilinipata pale mteremkoni. Wananipigia simu kwa zamu. Mmoja anataka kujua kama presha yangu iko sawa, mwingine anauliza kama nilikuwa nimekunywa hata chai asubuhi ile. Nawaelewa. Wananijua kama mtu asiyepandisha sauti. Nilipokuwa kidato cha tatu mwalimu alilazimika kunisogelea mpaka dawatini ndipo asikie jibu langu. Mtu wa namna hiyo akitoa kichwa nje ya dirisha la gari, nyuma ya maiti, akapiga kelele mpaka dereva akanyage breki, lazima watu washtuke. Hata mimi nilishtuka. Lakini kati ya hao wanaoniuliza hakuna aliyeishi nyumbani kwa Mjomba Musembi mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya themanini, na jibu langu haliingii kwenye simu.

Nilikaa kwao kwa sababu shule yangu ilikuwa ya kutwa na nyumba yao ilikuwa karibu, juu ya kilima nje kidogo ya mji wa Kitui. Ilikuwa nyumba ya matofali na bati, isiyo na dari, na kuta za ndani hazikufika juu. Zilikomea pale ambapo mtu mrefu angeweza kuning'iniza koti. Neno likisemwa sebuleni liliruka ukuta likaingia jikoni, na la jikoni likaingia chumbani kwangu, ambako nililala na magunia ya pojo na baiskeli ya Mjomba. Kwa msichana mwenye haya ile nyumba ilikuwa kama redio. Sikuhitaji kuuliza kitu, nilingoja tu. Nilikuwa na shajara niliyoiandika kwa penseli baada ya kuosha vyombo, na nikiisoma leo naona karibu yote ni maneno ya watu wengine. Yangu ni machache: leo tumekula muthokoi, leo hakuna maji, leo Mjomba ameimba tangu mtoni.

Mjomba Musembi alikuwa mwinjilisti. Makanisa yake yalikuwa madogo, mengine ya miti na udongo, yametawanyika kwenye vijiji ambavyo gari lilifika siku za kampeni tu, na aliyazungukia yote kwa baiskeli. Alikuwa na sauti ya juu, nyembamba, na aliimba akiendesha, kwa hiyo Anti Syokau aliweza kujua yuko wapi. "Huyo amefika kwa daraja," angeniambia huku akikoroga mboga. "Mwende, weka maji ya chai." Na kweli, maji yakianza kuchemka tungesikia baiskeli ikiegemezwa ukutani.

Januari ile sauti ilikatika hapo darajani na haikuendelea. Anti aliacha mwiko ndani ya sufuria akatoka bila viatu. Gurudumu la mbele lilikuwa limezama kwenye mchanga, yule mchanga wetu mwepesi unaokaa barabarani kama unga uliomwagika, na Mjomba alikuwa ameangukia jiwe kwa kichwa. Hospitalini alilala siku nyingi bila kumtambua mkewe. Alimwita kwa jina la mama yake aliyekufa zamani, akamwomba ndizi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria ya uji, na nilimwona Anti akiitika, "Naam, mwanangu," akamwambia ndizi zinakuja. Mpaka leo sijaona mtu akishtuka kimya vile. Alipoanza kupona, daktari alimwita Anti kando, na mimi nikafuata kwa sababu hakuna aliyenikataza. "Mama, hiki kichwa kilipasuka," daktari alisema. "Kimejiunga, lakini hakitavumilia mara ya pili. Akianguka tena akagonga hapa, msinilaumu. Baiskeli basi."

Baiskeli basi! Ungemwambia ng'ombe majani basi. Mjomba aliporudi nyumbani, kitu cha kwanza alichouliza ni kama matairi yana upepo. Anti alikuwa ameifunga kwa mnyororo kwenye mguu wa kitanda changu. Walibishana majuma mawili kupitia juu ya ukuta, yeye sebuleni, Anti jikoni, mimi katikati na kitabu cha historia. "Syokau, watu wa kule ng'ambo hawajaona mchungaji tangu Krismasi." "Waone mjane wa mchungaji?" "Mungu ndiye anayelinda kichwa." "Mungu alikulinda Januari, Baba Mumo. Akakupa na daktari akuambie. Sasa unataka akulipie nauli ya kwenda kwake?" Hapo Mjomba alicheka, na alipocheka nilijua ameshindwa, kwa muda.

Aliyewapatanisha ni kaka yake Anti, aliyefanya kazi ya kupokea wageni kwenye loji moja ya Mtito Andei. Alikuja kutusalimia siku ya Ijumaa na kiondo, na ndani ya kiondo, chini ya maembe, kulikuwa na helmeti. Ilikuwa nyeupe, nzito, ya pikipiki, yenye mkanda wa kidevuni na kifungo cha chuma kilichokuwa kigumu kama kufuli. Msafiri mmoja aliyekuwa akienda Mombasa aliisahau chumbani na hakurudi. Mjomba aliigeuza mikononi kama mtu anayetafuta mlango wa kuingilia. Anti hakungoja. Alimvisha, akamfunga mkanda, akagonga juu kwa mwiko, ko ko ko. "Umesikia?" "Nimesikia kelele." "Maumivu je?" "Hakuna." Anti akatoa ufunguo wa mnyororo kifuani. "Ukiivaa, panda. Usipoivaa, tembea." Nilicheka mpaka nikatoka nje kwa aibu ya kucheka.

Wakati huo hakuna mtu yeyote wa upande wetu aliyewahi kuona helmeti juu ya baiskeli. Helmeti ilikuwa ya polisi wa pikipiki, na polisi wa pikipiki alikuja kwa sababu moja au nyingine, zote mbaya. Siku ya kwanza watoto walikimbia kando ya Mjomba wakiimba, "Polisi! Polisi ya keria!" Siku ya tatu aliteremka kuelekea mtoni, mahali ambapo akina mama fulani walipika kaluvu, ile pombe yetu ya miwa, na mtu aliyekuwa akilinda njia akaona kichwa cheupe kikishuka kati ya miti. Mjomba alipofika alikuta vibuyu vimepinduliwa, pombe inanywewa na mchanga, na mzee mmoja mwenye mguu mbovu ambaye hakuweza kukimbia. Mzee alimwambia, "Afande, mimi nilikuja kuuliza njia." Mjomba akaomba naye. Alituhadithia wakati wa chakula, akafuta machozi ya kicheko kwa kiganja, na Anti akamwongezea mboga ambayo alikuwa ameificha kwa ajili ya kesho.

Maneno yalienea mpaka shuleni. Mwalimu wetu, ambaye alipenda midahalo, aliandika ubaoni: Waendesha baiskeli wavae helmeti. Darasa lilivunjika kwa kicheko na wote wakageuka kunitazama. Mvulana mmoja wa upande wa kupinga alisema jua la Kitui litapika ubongo wa mtu kama yai, na kwamba aliyeziba masikio hatasikia lori likimjia nyuma. Mwingine akasema, "Tukianza na baiskeli, kesho tutawavalisha punda." Upande wa kuunga mkono ulisema kichwa ni kimoja. Hawakuwa na lingine, na kwa kweli sijui ni lipi lingine walilohitaji. Walishindwa. Jioni nilimwambia Anti nani ameshinda, na yeye akauliza, "Kati yao nani ameanguka?"

Hayo ya kicheko tuliyazoea. Lililotuvamia lilikuja kwa adabu kabisa, limevaa koti na tai. Kwetu mwanaume akikutana na mzee barabarani huvua kofia. Huvua akiomba, huvua maiti ikipita, hata kama ni ya mtu asiyemjua. Hapo atashuka, au atasimama, au angalau mkono utaenda kichwani. Hakuna anayefundishwa. Mtoto huona baba yake akifanya, basi. Na ile helmeti, kwa sababu ya kifungo chake, haikuvulika upesi. Mara ya kwanza Mjomba alimpita Mzee Kilonzo, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, akamsalimia kichwa kikiwa kimefunikwa. Mara ya pili ilikuwa mazishini. Alifika amechelewa, kifungo kikakataa, jeneza likawa tayari linashushwa, na Mjomba akafanya maombi kaburini na helmeti kichwani. Waliokuwepo walisema wanawake waliacha kulia wakabaki kumwangalia.

Wazee walikuja Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Anti aliwapikia chai ya maziwa na viazi vitamu, akatandika vile vitambaa vyake alivyofuma juu ya viti, na mimi nikabaki jikoni na masikio yangu. Walianza mbali sana, na mvua, na bei ya ng'ombe wa Kyuso, ambako Mumo, binti yao, alikuwa ameolewa. Kisha kikombe kikawekwa mezani na Mzee Kilonzo akakohoa.

"Mwinjilisti, hatukatai usalama. Lakini umemwombea marehemu umefunika kichwa."

"Kifungo kilikwama, Mzee."

"Kwa Mungu hakuna kukwama."

Nilisikia viatu vya Anti vikitoka jikoni. Alikuwa amebeba birika, na sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu anayeuliza nani aongezewe sukari. "Wazee wangu, nisamehewe. Hiyo si kofia ya urembo. Hiyo ni kama bandeji. Kuna mtu hapa angemwambia mgonjwa avue bandeji amsalimie?"

"Mwaitu," Mzee Kilonzo alimjibu, na alitumia neno hilo la kumheshimu mama kwa upole wa kweli, kwa maana hakuwa mtu mbaya, "kitu kinachokaa juu ya kichwa cha mwanaume ni kofia."

"Na yule anayebeba simiti kichwani? Akikutana na wewe anautua mfuko?"

Mzee mmoja alicheka akapaliwa na kiazi. Wengine hawakucheka. Waliongea mpaka chai ikaisha, kisha wakaamua kwa roho nzuri, wakaona wamempa Mjomba nafasi: avae helmeti barabarani, lakini aivue kwa wazee, kwa maombi na kwa maiti, kama kofia nyingine yoyote. Nilingoja Mjomba akatae. Mtu aliyeweza kubishana majuma mawili juu ya ukuta, nilidhani atakuwa na neno. Alisema, "Nitatii." Nilishangaa mpaka nikasahau maziwa kwenye moto, yakamwagika. Sasa nimeupita umri aliokuwa nao siku ile, na bado nashangaa. Nimeelewa kwamba angeona heri kupoteza kichwa chake kuliko kupoteza mahali pake kati ya wale wanaume, na kwamba yeye hakuona kuwa hayo ni mambo mawili tofauti.

Tangu siku hiyo aliacha kufunga mkanda. Ilimbidi aweze kuvua kwa mkono mmoja. Anti alimwona asubuhi ya kwanza, mkanda unaning'inia pande mbili za mashavu kama masikio ya mbuzi, akamfunga mwenyewe mlangoni. Mjomba alingoja mpaka kona, akafungua. Tulijua kwa sababu tulisikia uimbaji ukisita kidogo pale konani, kisha ukaendelea. Kila asubuhi ukisita, Anti alifumba macho.

Ilikuwa muhula wa pili, alasiri, jua kali. Nilikuwa natoka shule na wasichana wenzangu, tunapanda ule mteremko mrefu wa kuelekea nyumbani, kando ya barabara. Nilimsikia Mjomba kabla ya kumwona. Alikuwa akishuka kutoka juu, anaimba, na kutoka chini nyuma yetu pikapu ilikuwa inapanda polepole, imebeba jeneza kutoka mochari, watu wameketi pande zote mbili, nao wanaimba. Nakumbuka niliona aibu kwa ajili yake kwa sababu nyimbo hazikulingana. Halafu yeye akaliona jeneza, akanyamaza. Mkono wa kulia ukaacha usukani, ukaenda kichwani, ukaivua helmeti, akaibana kifuani vizuri kama anavyofanya mtu aliyelelewa. Mkono wa kushoto ulikuwa peke yake na breki, na barabara ilikuwa na mchanga.

Sikusikia mlio mkubwa. Hilo ndilo linalonisumbua, kwamba ulikuwa mlio mdogo, kama mtu ameweka mtungi chini. Baiskeli ilikuja ikilala ubavu mpaka miguuni petu. Yeye alibaki pale juu, kichwa kwenye mawe ya ukingo, na helmeti iko mkononi, ameishika, nyeupe, haina hata mkwaruzo.

Wale watu wa pikapu hawakutujua. Walikuwa wa kijiji kingine kabisa, wanaenda kumzika mtu wao. Walisimamisha gari, wanaume wakaruka chini, wakambeba Mjomba wakamlaza kwenye sakafu ya pikapu, ubavuni mwa jeneza, na gari likageuzwa barabarani kwa shida likarudi hospitalini na wote wawili. Mama mmoja aliyekuwa amevaa nguo za kuombolezea alivua leso yake akamwekea Mjomba chini ya kichwa. Alinivuta juu na kunikalisha karibu. "Ni baba yako?" Nikasema ni mjomba. Nilisema kwa sauti ndogo, akauliza tena, nikasema tena, akauliza tena. Miguu yangu iligusa jeneza la mtu nisiyemjua njia nzima. Mjomba alifariki kabla ya kufika getini.

Katika shajara, siku hiyo niliandika: Aliivua. Baada ya hapo hakuna kitu kwa kurasa nyingi.

Mazishini Mzee Kilonzo aliongoza, wanaume wote vichwa wazi, na Anti akakaa kwenye kiti cha mbele na kitambaa cheusi kama mjane yeyote. Watu walisifu uvumilivu wake. Nami nililala chumba kile bila baiskeli, harufu ya mafuta ya mnyororo bado iko kwenye sakafu, nikangoja sauti ya kulia iruke ukuta. Haikuja. Niliyosikia ni maji yakimiminwa, na kitambaa kikisugua kitu kigumu, taratibu.

Jumapili ya kwanza aliporudi kanisani tulitoka pamoja mlangoni, mimi na leso yangu, yeye na gauni lake la bluu la umoja wa akina mama, na kichwani helmeti. Alikuwa ameifunga mkanda mpaka tundu la mwisho. Nilidhani amechanganyikiwa. Nilitaka ardhi inimeze, na wakati huo huo sikuweza kumwacha atembee peke yake, basi nikatembea hatua moja nyuma, macho kwenye visigino vyake. Watoto walituona, wakafungua midomo, hakuna aliyesema polisi.

Tuliingia wakati wa matangazo. Mzee Kilonzo alikuwa mbele anasoma, akainua macho, akanyamaza katikati ya jina la mtu. Anti alipita njia ya katikati mpaka benchi ya mbele upande wa wanawake, akaketi, akafungua kitabu cha nyimbo. Mama mmoja nyuma yetu aliinama akamnong'oneza, "Mama Mumo, toa hiyo kitu, tafadhali. Watu wanaangalia."

Anti hakunong'ona. "Mwanamke si anatakiwa afunike kichwa kanisani? Wazee walikaa kwangu wakanywa chai, wakasema hii ni kofia. Nimefunika."

Mbele ya lile kanisa lililojaa watu nilimwona Mzee Kilonzo akitafuta mahali pa kuweka karatasi yake na asipate. Tuliimba. Anti aliimba na helmeti, na sauti yake ilitoka nzito, kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Mahubiri yalikuwa mafupi siku hiyo. Alifanya hivyo Jumapili iliyofuata, na iliyofuata, mpaka nikaanza kuona wanaume wakimpisha njiani wakiwa wamekumbatia kofia zao bila kujua wazirudishe lini kichwani.

Muhula wa tatu ulipokaribia kwisha, alikuja mtu akasimama nje na hakubisha hodi. Nilikuwa nachambua pojo kwenye ungo. Alikuwa Mzee Kilonzo, kofia mkononi, na nyuma yake kijana wake Mutua ameshika baiskeli mpya yenye mtungi wa maziwa kwenye keria. Nilimwita Anti. Alitoka akisugua mikono kwenye gauni, akamkaribisha, Mzee akasema atasimama hapo hapo.

"Mama Mumo. Kijana anaanza kupeleka maziwa mjini. Atapita mteremko ule." Aligeuka akamtazama kijana. "Ile yako... kama haina kazi siku za wiki."

Anti aliitazama baiskeli, akatazama matairi, akamtazama kijana, ambaye alikuwa anatazama chini. Nilidhani atamfukuza. Mimi ningemfukuza, nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa na hasira ya kututosha wote wawili. Aliingia ndani akaitoa kwenye msumari ambapo vitambaa vyake vilining'inia, akarudi, akamvisha Mutua mwenyewe. Akafunga mkanda. Akagonga juu kwa kidole, ko ko ko.

"Umesikia?" alimuuliza.

"Ndiyo, mama."

"Usiivue kwa mtu. Hata kwa baba yako huyu. Ukinipata mimi njiani, usiivue. Hata nikipita nikiwa ndani ya sanduku, wewe usiivue. Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

Mzee Kilonzo alikuwa amesimama pale anasikia yote, anakunja kofia yake. Akasema, "Amesikia," kwa sauti ambayo hata mimi niliiona ndogo.

Mutua alikuwepo mwezi uliopita. Ana mvi sasa, na alikuwa ameketi kando yangu kwenye gari lililofuata lile la maiti. Vijana wa bodaboda walikuja wengi kumsindikiza Anti, kwa sababu miaka yote ya uzee wake aliwagombeza pale stejini wanapongojea abiria, na wakampenda kwa hilo. Walitangulia msafara, wawili wawili, mpaka tukafika mteremkoni. Siku hizi una lami, lakini mchanga bado unateremka pembeni na kukaa kwenye kona. Kijana wa mbele alipunguza mwendo, akageuka akaliona gari la maiti likimfikia, na mkono wake wa kulia ukaacha usukani ukaenda kichwani. Wa pili akamwiga. Nilimsikia Mutua akivuta pumzi. Alifungua mdomo, sauti haikutoka.

Yangu ilitoka. Sikujua kama ninayo. "Vaa! Wewe, vaa! Rudisha kichwani! Msivue! Alisema msivue!"

Msafara wote ulisimama. Shangazi zangu walitoa vichwa madirishani. Yule kijana aliniangalia, helmeti iko nusu, uso wake umejaa mshangao wa mtu aliyekosea katikati ya adabu. Mutua akafungua mlango, akashuka, akamwendea kwa ule mwendo wake wa magoti mabovu. Aliishika helmeti, akairudisha, akafunga mkanda chini ya kidevu cha yule kijana, akagonga juu kwa kidole.

Wengine wakavaa. Tukamshusha Anti Syokau mteremkoni polepole mpaka chini, na mbele yake hakukuwa na kichwa hata kimoja kilicho wazi.